Vitabu vya bure kwenye simu: utamu wake, hasara zake, na namna ya kuvisoma mpaka ukurasa wa mwisho

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka juzi kwenye harusi ya binamu yangu simu iligoma kupiga picha, memori imejaa, nikajua tu ni zile video za magrupu, nikaingia kwenye mafaili nifute chap chap kabla maharusi hawajaingia ukumbini, nakuta sio video. Ni vitabu. PDF 412 za kila aina, ujasiriamali, ufugaji wa kuku, hadithi, dini, sheria, hadi kitabu cha kuendesha meli, na mimi hata boti ya Zanzibar huwa inanitapisha. Nikawa nafuta huku najiuliza, hiki nilikisoma? Kurasa tatu. Hiki? Jalada tu. Hiki nilikitoa wapi kwanza? Nilivyovimaliza vilikuwa vinne, katika vyote hivyo, vinne.

Wakati huohuo kitabu nilichowahi kununua elfu kumi na tano kwa muuza vitabu wa barabarani nilikisoma hadi namba ya simu ya mchapishaji kule nyuma, kwa uchungu wa hela. Ndo nikaelewa kwamba watu wakiongelea hasara za vitabu vya bure wanakimbilia macho kuuma na virusi, na kweli hivyo vipo ntavigusa, ila hasara kubwa ni kwamba cha bure kikija kwa wingi unageuka mkusanyaji, unaacha kuwa msomaji. Kwa hiyo hatua zote za hapa chini zimepangwa kwa lengo moja, uchukue vichache, vya halali, visivyokula bando, na uvimalize.

Faida zenyewe sidhani kama zinahitaji hotuba. Hela unaokoa. Kitabu ambacho mkoani kwenu hakijawahi kufika kinafika kwa dakika moja. Umeme ukikatika unasoma gizani. Kwenye daladala umesimama mkono mmoja kwenye bomba mwingine unafungua kurasa kwa kidole gumba, jaribu hiyo na kitabu cha kurasa 600. Kuna na hii ambayo watu wanaisahau, ya wazee. Mama yangu aliacha kusoma miaka mingi kwa sababu ya maandishi madogo, nikamwekea kitabu kwenye simu nikakuza herufi mpaka ukurasa mzima una mistari minane, sasa hivi ndo ananiuliza mimi kama nimeshasoma. Karatasi haiwezi kufanya hivyo.

Haya tuanze.

Hatua ya kwanza: jua hiyo bure ni bure ya nani

Neno ni moja lakini bure ziko nne na ukizichanganya ndo unaingia matatizoni.

Ya kwanza ni kitabu ambacho hakimiliki yake imekwisha, yaani hakina mwenyewe tena, ni cha wote kama kisima cha kijiji. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ilivyotungwa iliweka uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ya Kenya ya 2001 vilevile. Uingereza ni miaka 70. Marekani kwa vitabu vya zamani wanahesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, bila kujali mwandishi kafa lini. Kwa hiyo kitabu kimoja kinaweza kuwa cha bure kabisa nchi hii na kikawa na mwenyewe nchi ile. George Orwell alifariki Januari 1950, nchi zinazohesabu miaka 50 vitabu vyake vikawa huru tangu 2001, Marekani bado. Mwaka 2009 Amazon iliwahi kufuta vitabu vyake viwili kwenye Kindle, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, za watu waliokuwa wameshavinunua kabisa, kisa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza Marekani. Hela walirudishiwa ila kitabu kilipotea wakiwa bado wanakisoma. Fikiria umelala na kitabu kabatini unaamka hakipo.

Mtego mwingine hapohapo ni tafsiri. Shakespeare alikufa 1616, hana anayemdai mtu. Lakini Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere ya 1969 ni kazi ya Nyerere, na yeye alifariki 1999, kwa hiyo hata kwa hesabu ya miaka 50 tafsiri hiyo ina mwenyewe mpaka mwisho wa 2049. Mtu akikwambia "hii ni Shakespeare, ni bure" muulize Shakespeare gani, wa Kiingereza au wa Kiswahili.

Bure ya pili ni ile mwenyewe kaamua kutoa. Kuna leseni zinaitwa Creative Commons, mwandishi anasema wazi chukua, soma, toa kopi, na nyingine zinaruhusu hata kutafsiri. Kuna na waandishi wanaotoa kitabu cha kwanza bure ili ununue cha pili, hiyo ni biashara yao, wala usione haya, chukua.

Ya tatu ni ya kuazima. Unapewa kwa muda kinarudi chenyewe.

Ya nne ni ya wizi, na hapa tuongee ukweli maana hii ndo inayozunguka zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram. Kitabu kimetoka mwaka jana, mwandishi yupo hai anakiuza, afu wewe unakipata PDF imepigwa picha kwa simu, kidole cha mtu kinaonekana pembeni ya ukurasa. Hicho sio cha bure, kimelipiwa na mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Nami nilipokuwa chuo nilisoma hivyohivyo, sijifanyi malaika, ila najua sasa nilichokuwa nafanya. Na usidhani ni kichochoroni tu, Novemba 2022 serikali ya Marekani ilizikamata anwani za Z-Library, mtandao mkubwa sana wa vitabu vya namna hiyo, na watu wawili wakakamatwa Argentina. Kilichofuata ndo kibaya kwa msomaji wa kawaida, maana zikaota tovuti feki zinazojiita jina hilohilo, unaingia unaambiwa jisajili, weka kadi, weka namba, na kitabu chenyewe hukipati.

Kujua uko kwenye bure ipi ni rahisi. Fungua ukurasa wa pili au wa tatu, pale penye maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayasoma, angalia mwaka, jina la mchapishaji, na kama kuna leseni imetajwa. Ukiona "haki zote zimehifadhiwa" na mwaka wa juzi, afu umetumiwa na mtu ambaye sio mwandishi wala mchapishaji, jibu umeshalipata.

Hatua ya pili: pa kuchota

Kwa vitabu vya Kiingereza vya zamani anza na Project Gutenberg. Alianzisha Michael Hart mwaka 1971 akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, akachapa kwa mkono Azimio la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta ya chuo, leo kuna vitabu zaidi ya 70,000. Hawakusajili, hawakuombi namba, unaingia unachukua unaondoka. Kama vya Gutenberg unaviona havina mvuto basi nenda Standard Ebooks, wanachukua vitabu hivyohivyo vilivyoisha hakimiliki wanavisafisha na kuvipangilia vizuri, vinapendeza kama vya kununua.

Kiswahili pale Gutenberg utatafuta sana. Kwa Kiswahili ingia Internet Archive, ambayo Brewster Kahle aliianzisha 1996 kule San Francisco, na hapa ndo naomba usome polepole maana kuna hazina watu wetu wengi hawajui kama ipo. Tafuta jina Steere, utapata Swahili Tales ya 1870, ngano za Unguja, ukurasa mmoja Kiswahili wa pili Kiingereza. Tafuta Taylor, utapata African Aphorisms ya 1891, methali za Mombasa na maelezo yake. Tafuta Velten, utapata Desturi za Wasuaheli iliyochapwa Göttingen 1903, ndani yake kuna maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo akieleza mambo ya pwani, harusi, unyago, ngoma, misafara ya bara. Mtu wa kwetu anaelezea watu wetu kwa lugha yetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na hulipi senti. Kamusi ya Krapf ya 1882 nayo ipo, aliikusanyia huko Mombasa na Rabai.

Usishtuke tahajia. Kiswahili sanifu kilianza kupangwa rasmi na ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ya 1930, kabla ya hapo kila mtu aliandika alivyosikia, ndo maana hata kwenye jalada imeandikwa Wasuaheli. Na ukitafuta neno kwenye kisanduku ukakosa jaribu kuliandika kizamani. Kwa wanaosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, chuo cha SOAS pale London wameweka picha za miswada ya tenzi mtandaoni.

Hapohapo Internet Archive kuna vya kuazima, vingine kwa saa moja, vingine siku 14. Kuazima huku kuliwapeleka mahakamani, wachapishaji wakubwa waliwashtaki 2020 na wakashinda, zaidi ya vitabu 500,000 vikaondolewa kwenye kuazimwa, na rufaa ilipoamuliwa Septemba 2024 wachapishaji wakashinda tena. Nakwambia hivi ili ukikuta linki ya kitabu ya zamani haifunguki usifikiri ni simu yako.

Watoto wapeleke African Storybook, hadithi fupi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, Luganda ipo, Kikamba ipo, na leseni yake inakuruhusu kuchapa na kugawa, kama we ni mwalimu huna sababu ya kuogopa steshenari. StoryWeaver ya Wahindi nayo inafanya hivyohivyo. Vitabu vya shule Tanzania angalia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, Kenya angalia wingu la elimu la KICD. Wanachuo, kabla hamjaanza kuombana softikopi za vitabu vya laki mbili jaribuni OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, ipo tangu 2012, ina fizikia, baiolojia, takwimu, uchumi, vitabu kamili na ni vya bure kihalali, kisha DOAB ambayo ni orodha ya vitabu vya kitaaluma vilivyoachiwa wazi.

Na nyie mlioko Uingereza, Marekani au Canada, mna kitu sisi tunakitamani. Ukiwa na kadi ya maktaba ya mtaa unaoishi unaweka apu ya Libby unaazima vitabu vipya kabisa, vya mwaka huu, bure na halali. Wengi wana kadi hawajui.

Anayependa kusikiliza, LibriVox tangu 2005 watu wa kujitolea wanasoma vitabu vilivyoisha hakimiliki wanarekodi. Ubora unategemea aliyesoma, wengine wanasoma kama wanatangaza tanzia.

Hatua ya tatu: chagua fomati kabla hujabonyeza, la sivyo bando litalia

PDF ni ukurasa uliogandishwa, ulivyo kwenye karatasi ndivyo utakavyokuja kwenye simu, kwa hiyo kioo kidogo unaanza kuvuta kulia kushoto kulia kushoto mpaka unasahau sentensi ilianzaje. EPUB ni maandishi yanayotiririka, ukikuza herufi mistari inajipanga upya. Ukiwa na simu chukua EPUB kila inapowezekana, hapa sina mjadala na mtu.

Na uzito. Riwaya ya EPUB isiyo na picha mara nyingi haifiki hata MB moja. Kitabu kilekile kikiwa PDF ya kuskaniwa kinaweza kuwa MB 30, 50, nshawahi kukutana na cha 180. Gutenberg wana hadi chaguo la EPUB bila picha, chukua hiyo kama unahesabu bando. Kwenye Internet Archive angalia orodha ya fomati, ukubwa unaonyeshwa, usibonyeze kwa pupa. Vizito subiri Wi-Fi ya ofisini au ya chuo.

Sasa kuna ubaguzi mmoja muhimu. Vile vitabu vya kale nilivyotaja hapo juu, EPUB zake zimetengenezwa na mashine iliyosoma picha za kurasa, na mashine hiyo Kiswahili cha 1870 inakisoma kama mlevi anavyosoma mabango. Herufi zinageuka, maneno yanaungana, ukurasa wa Kiswahili na wa Kiingereza vinachanganyika. Kwa vitabu hivyo tu, vumilia PDF. Hali kadhalika vitabu vya hesabu, michoro na majedwali.

Hatua ya nne: kikague kama unavyokagua mtumba

Kwanza mwisho wa jina la faili. Kitabu mara nyingi kinaishia na .epub au .pdf. Ukiona .apk au .exe, hicho sio kitabu hata kama kimeitwa kitabu, na ukiona .pdf.exe huyo ndo mwizi aliyevaa kanzu. Mdogo wangu alishusha "riwaya" ikamwambia iruhusu kuinstoliwa, akaruhusu, toka siku hiyo simu ikawa inajifungulia matangazo yenyewe hadi msikitini, ikabidi tuifute yote tuanze upya na picha zake zikaenda. Kitabu hakiinstoliwi. Kitabu hakiombi kusoma meseji zako. Kitabu hakihitaji PIN ya M-Pesa wala ile namba ya siri inayokuja kwa meseji. Ukiwa na wasiwasi na faili lipandishe kwenye tovuti ya VirusTotal likaguliwe kabla ya kulifungua.

Jihadhari pia na vitufe. Tovuti nyingi za vitabu vya bure zina matangazo yenye kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa pakua, na kitufe halisi ni kimaandishi kidogo chini yake. Kikubwa kinachong'aa ndo mtego, karibu kila mara.

Pili, fungua mwanzo, katikati na mwisho. Mimi nilisoma riwaya nzima ya upelelezi nikafika ukurasa wa 112 unaofuata ni wa 129, na ndo hapo hasa marehemu alikuwa anauliwa. Mpaka leo sijui kisu kilitoka wapi.

Tatu, toleo. Hadithi haichachi, lakini kitabu cha sheria, kodi, dawa au kompyuta kinachacha. Rafiki yangu aliandaa wasilisho la darasani kwa PDF aliyopewa na kaka yake, mwalimu akamsikiliza vizuri mpaka mwisho afu akamwambia hiki kifungu kilishafutwa. Vitabu vya bure vingi ni vya zamani, hiyo ndo sababu mojawapo ya kuwa vya bure, kwa hiyo angalia mwaka kabla hujakiamini kikusaidie kutibu mtoto au kujaza ritani.

Hatua ya tano: apu, na foleni ya vitabu vitano

Android mimi natumia ReadEra, haina matangazo, haitaki akaunti, inafungua karibu kila fomati. iPhone tayari una Books. Mwenye Kindle anatuma EPUB kwa Send to Kindle. Google Play Books nayo inakuruhusu kupandisha vya kwako, faida yake ukibadili simu unavikuta, hasara yake unategemea mtandao na akaunti. Chagua moja uachane na kuhamahama.

Ukishaiweka, dakika tano za kurekebisha zitakuokoa miezi. Herufi kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Rangi ya nyuma iwe kama karatasi ya kaki, nyeupe kali inachoma. Mwanga shusha ulingane na chumba.

Afu sasa dawa ya ule ugonjwa wangu wa PDF 412. Tengeneza folda mbili tu, moja iite Nasoma, ya pili Foleni. Nasoma kinakaa kimoja, ukipenda sana viwili, kimoja cha hadithi na kimoja cha kujifunza. Foleni mwisho vitano. Ukitaka kuingiza cha sita lazima kimoja kitoke, kisomwe au kifutwe. Utaona inavyouma kuchagua, na ule uchungu ndo unaochukua nafasi ya ile elfu kumi na tano, maana kitu ulichokihangaikia kidogo hukiachi njiani. Kufuta kusikuogopeshe, Gutenberg haihami, kesho kutwa utakikuta.

Na ukipokea faili badilisha jina papo hapo, andika mwandishi, jina la kitabu, mwaka. Faili linaloitwa scan_0034_mpya_final(2) hutalitafuta tena maisha yako yote. Vile ambavyo kweli hutaki vipotee weka kopi kwenye memori kadi au Google Drive, kwa sababu simu zinaibiwa na zinaanguka chooni.

Hatua ya sita: kusoma kwenyewe

Adui wa kwanza ni simu yenyewe. Uko ukurasa mzuri, meseji inaingia juu, unasema niangalie tu, unarudi baada ya dakika 40 ukiwa umeshajua nani kaachana na nani. Karatasi haina WhatsApp. Weka simu hali ya ndege, kitabu umeshakishusha hakihitaji mtandao, nusu saa tu kisha rudisha.

Kuhusu kuelewa, kuna uchambuzi wa 2018 uliounganisha tafiti 54 zenye wasomaji zaidi ya 170,000, ukaonyesha wanaosoma kwenye karatasi wanaelewa zaidi kidogo kuliko wa kwenye skrini, hasa wakiwa wanaharakishwa na muda, hasa kwa maandishi ya kutoa maarifa. Kwa hadithi tofauti haikuonekana. Hii mimi imenisaidia kupanga: riwaya nasoma kwenye simu bila wasiwasi, kitabu cha mtihani nasoma kwenye simu nikiwa na daftari, na sura ngumu kabisa nachapa, kama leseni inaruhusu. Daftari sio la kunakili, ukimaliza sura funika simu uandike mistari mitatu kwa maneno yako. Ukishindwa kuiandika hukuielewa, rudia.

Usingizi nao. Utafiti uliotoka mwishoni mwa 2014 uliwachukua watu 12, wakasoma kwenye kioo chenye mwanga kwa masaa manne kabla ya kulala, siku tano mfululizo, walichelewa kupata usingizi na asubuhi walikuwa wazito kuliko waliposoma kitabu cha kawaida. Watu 12 ni wachache na sijui nani wa kwetu anapata masaa manne ya kusoma kitandani na watoto wakiwepo, lakini mimi binafsi naiona hiyo tofauti, kwa hiyo baada ya saa nne usiku nahamia karatasi au nasikiliza.

Macho, kila dakika 20 angalia kitu cha mbali, mita sita hivi, kwa sekunde 20, na pepesa. Ukiona bado yanauma na kichwa kinagonga kila siku, usibadilishe apu, nenda ukapimwe.

Kusikiliza nimekutaja kwa sababu apu nyingi zinaweza kukusomea, na Google wana sauti ya Kiswahili. Inasoma kama mtangazaji aliyepewa karatasi dakika moja kabla ya taarifa, haijui pa kupumua, ila ukiwa unapika au unafua inatosha.

Hatua ya saba: lini ulipe

Nina kanuni yangu, sio sheria. Mwandishi akiwa hai na anaandika kwa Kiswahili, nalipa. Soko letu ni dogo, mtu anachapa kitabu kwa hela yake, anakibeba kwenye begi anauza mwenyewe, au anauza hadithi kwa vipande WhatsApp, unamtumia elfu moja kwa simu anakutumia sehemu inayofuata. Mnunuzi mmoja akiifowadi kwenye grupu la watu 500 imekwisha, yule dada hataandika sehemu ya 30 na nyie wote mtabaki mnauliza kwani aliolewa na nani.

Huna hela kabisa? Mwandikie mwandishi mwenyewe. Nimewahi kufanya hivyo mara mbili, mmoja alinipa kitabu cha zamani bure akaniomba tu nimwambie nimekionaje, wa pili alinipunguzia bei. Au nenda maktaba ya mkoa, ukakae pale, feni inazunguka, kitabu ni cha bure na wala chaji haiishi. Ukipenda kitabu cha bure kilichotolewa na mwenyewe, mrudishie kitu hata kama sio hela, sema mahali kwamba umekisoma na kikoje.

Mimi kwa sasa kwenye Nasoma yupo Taylor na methali zake za Mombasa, nazisoma kumi kila asubuhi kwenye foleni ya mwendokasi, nyingine sizielewi mpaka nimpigie mjomba wangu wa Mvita naye ananicheka kwanza ndo anajibu. Kwenye Foleni vipo vinne. Nafasi ya tano nimeiacha wazi, mama kasema ana cha kunipendekezea.